Ulaya wanamtazama kwa kamera miezi mitatu, kisha anakuja katika anga ya Kongo

Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, kuna watu Uingereza ambao hushika telefoni asubuhi kabla ya chai. Hawatafuti habari za siasa wala za mpira. Wanatazama ndani ya kisanduku chenye giza. Ndege mmoja mweusi amelalia mayai mawili. Anageuza kichwa, anafunga macho. Muda mrefu unapita bila kitu. Kisha mwenzake anaingia kwa tundu, wanachambuana manyoya ya shingoni kidogo, na yule wa kwanza anatoka kwenda kula. Ni hayo tu, lakini kesho yake watu wanarudi kutazama.

Kisanduku hicho kiko juu kabisa ndani ya mnara wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Chuo Kikuu cha Oxford. Ndege mwenyewe anaitwa teleka. Waliosoma Kifaransa humjua kwa jina la martinet noir. Mwanzoni mwa mwezi wa nane kisanduku kinabaki kitupu. Picha haina tena mtu wala kitu, na watazamaji wanaagana hadi mwaka ujao.

Kwa watu wa Oxford, filamu imeisha hapo. Kwetu sisi ndiyo inaanza, kwa sababu ndege yule amekwisha kushika njia ya kuja Kongo.

Jicho ndani ya nyumba ya ndege

Kutundika visanduku vya ndege ni desturi ya zamani Ulaya. Mtu mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba anachukua mbao, anatengeneza kisanduku, anatoboa tundu moja mbele na kukifunga ukutani au kwenye mti. Upana wa tundu ndio unaochagua mpangaji. Tundu la milimita 25 linamfaa ndege mdogo wa kichwa cha buluu na tumbo la njano, ambaye Wafaransa humwita mésange bleue. Likifika milimita 32, shomoro naye anaingia.

Zamani, mwenye kisanduku aliishia kuona ndege akiingia na kutoka. Yaliyofanyika ndani yalikuwa siri. Leo kamera ndogo inafungwa kwenye dari ya kisanduku, ikitazama chini. Kwa kuwa ndani ni giza, kamera inatumia taa za miale ya infraredi, ambayo haiwasumbui ndege. Ndiyo maana picha nyingi huwa za rangi nyeusi na nyeupe. Waya au mawimbi ya waifai yanapeleka picha hadi sebuleni, na mwenye kutaka anairusha kwenye intaneti. Sharti ni moja: kamera lazima ifungwe kabla ndege hawajaanza kujenga, maana ukiwasumbua katikati ya kazi wanaweza kuacha kiota na mayai ndani.

Ndipo watu walipoanza kuona mambo ambayo babu zao hawakuyaona. Waliona kwamba yule mdogo wa kichwa cha buluu hutaga yai moja kila siku hadi yafike 8 au 10, pengine zaidi, na kwamba jike haanzi kuyalalia kwa bidii mpaka karibu yote yatimie, ili watoto waanguliwe pamoja. Waliona wazazi wakileta viwavi kuanzia alfajiri hadi jioni, na kwamba kinda mmoja anaweza kula viwavi karibu 100 kwa siku. Waliona pia kifo: kinda mdogo kuliko wote akisukumwa pembeni, hapati zamu, na siku ya tatu hafungui tena mdomo.

Lakini ndege huyo wa bustani ni mwenyeji. Wakati wa baridi yuko pale pale, anakula mbegu anazowekewa na watu. Teleka ni mgeni wa kupita, na ndiye ambaye kamera imemfaa kuliko wote, kwa sababu nje ya kiota karibu haiwezekani kumtazama kwa utulivu.

Ndege asiyekanyaga chini

Teleka ana uzito wa gramu 40 hivi. Mabawa yake ni marefu na yamepinda kama mundu. Miguu yake ni mifupi mno, na wataalamu walimpa jina la Kilatini Apus apus, maana yake asiye na miguu. Anayo, lakini ni ya kushikilia ukuta, si ya kutembea. Anakula akiruka, anakunywa akiruka, na hata kulala analala juu hewani.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wakiongozwa na Anders Hedenström, walitangaza jambo lililoshangaza wengi. Waliwafunga teleka vifaa vidogo vinavyopima mwendo wa mwili, na wakakuta kwamba ndege hao huishi hewani miezi 10 kati ya 12. Baadhi yao hutua usiku chache tu katika muda huo wote. Wengine hawakutua hata mara moja.

Kwa hiyo kisanduku ni mahali pekee ambapo teleka anakaa tuli. Anahitaji tundu katika ukuta au chini ya paa, juu, mahali ambapo anaweza kujitupa nje na kushika hewa mara moja. Kiota chake ni duara jembamba la nyasi na manyoya aliyoyadaka yakipeperushwa na upepo, yaliyobandikwa kwa mate yake mwenyewe. Humo anataga mayai mawili au matatu.

Kioo kilitangulia kamera

Mnara wa Oxford ulikuwa na ndege hao katika matundu yake ya hewa kabla ya kuwa na kamera yoyote. Mwaka 1948 mtaalamu David Lack na wenzake walianza kuwachunguza. Waliweka visanduku nyuma ya matundu hayo, vyenye kioo upande wa ndani ya mnara. Mtu alipanda ngazi gizani, akaketi kimya na kuchungulia umbali wa shubiri chache bila ndege kushtuka. Mwaka 1956 Lack alichapisha kitabu juu ya teleka wa mnara huo. Kazi aliyoianza haijakatika hadi leo, na ni kati ya uchunguzi wa muda mrefu kuliko wote duniani uliofanywa juu ya aina moja ya ndege.

Kamera haikuleta jambo jipya, basi. Ilichofanya ni kuongeza viti. Zamani aliyeona ni yule mmoja aliyepanda ngazi. Leo anaona hata mgonjwa aliye kitandani, mwanafunzi aliye darasani, na msomaji wa Bukavu mwenye megabaiti za kutosha.

Wiki ya mvua

Kuna wiki ambayo watazamaji wa kamera hizi huiogopa. Baridi inarudi katikati ya mwezi wa sita, mvua inanyesha siku tatu, na wadudu wanatoweka hewani. Teleka hali mbegu, hali makombo, hali kitu kilicho chini. Chakula chake ni wadudu wanaoruka na buibui wadogo wanaobebwa na upepo, basi. Siku njema, mzazi anarudi na donge kooni lenye wadudu zaidi ya 300, wakati mwingine hadi 1 000. Siku ya mvua anarudi mtupu, au harudi kabisa. Ameikwepa mvua, ameenda mbali sana kutafuta hewa yenye chakula.

Katika kamera makinda wanaonekana wamelala chini, hawasogei. Mtazamaji mgeni anadhani wamekufa. Mwingine anataka ngazi iletwe, kisanduku kifunguliwe, watoto walishwe kwa mkono.

Wanaojua wanawaambia wangoje. Makinda wa teleka wana uwezo ambao ndege wengi wadogo hawana: mwili unapoa, moyo unapunguza mwendo, na wanaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Jua likirudi, mzazi naye anarudi, na wale waliodhaniwa maiti wanafungua midomo. Si wote. Mwaka mbaya wengine hufa kweli, na kuna wazazi wanaosukuma yai nje ya kiota kabla halijaanguliwa. Watafiti wa Oxford walilionyesha hilo kwa hesabu ya miaka mingi: hali ya hewa ya majira ya joto ndiyo inayoamua watoto wangapi watatoka salama. Ndiyo maana muda wa kukaa kiotoni haufanani. Kwa kawaida ni wiki sita, lakini baridi ikizidi unaweza kufika wiki nane.

Kuondoka bila kuaga

Wiki za mwisho zina mchezo ambao umewapa watu wengi furaha. Kinda anabonyeza ncha za mabawa sakafuni na kujiinua, tumbo likiacha sakafu, sekunde kadhaa, kama kijana wa karate anayepiga pompu. Anarudia leo, anarudia kesho. Anaimarisha mabawa na, kama watafiti wanavyofikiri, anapima uzito wake mwenyewe. Kinda aliyeshiba anaweza kuwa mzito kuliko mzazi, na sharti apungue kabla ya kuruka.

Kisha anaenda kukaa tunduni, uso nje. Anatazama saa nyingi, pengine siku nzima. Hakuna anayemfundisha na hakuna tawi la kujaribia. Asubuhi moja au jioni moja anajitupa, na kamera inabaki na tundu lenye mwanga.

Hatarudi kulala. Wazazi hawamfuati kumlisha. Mruko huo wa kwanza katika maisha yake ndio mwanzo wa safari ya Afrika, na mguu wake hautagusa kitu kwa muda mrefu sana. Teleka kijana huzaa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne hivi. Kabla ya hapo anaweza kuishi hewani miaka miwili au mitatu, akienda na kurudi kati ya mabara mawili, bila kuwa na nyumba popote.

Walijuaje kwamba anakuja kwetu?

Kwa muda mrefu Wazungu walijua tu kwamba teleka huenda Afrika. Lakini Afrika ni kubwa. Pete za miguuni hazikusaidia sana, maana pete inasema kitu pale tu ndege anapookotwa au kukamatwa, na ndege huyu hatui.

Jibu lilipatikana kwa sababu ya visanduku. Kuna kifaa cha gramu moja hivi kinachobebwa mgongoni, ambacho hakina setilaiti wala simu. Kinaandika tu mwanga: jua limechomoza saa ngapi, limezama saa ngapi. Ukijua urefu wa mchana na saa ya adhuhuri, unaweza kukadiria ndege alikuwa sehemu gani ya dunia siku hiyo. Shida ni kwamba kifaa hakitumi kitu. Lazima umkamate tena ndege yule yule mwaka unaofuata. Na teleka, akiisha kupata tundu, hurudi kwenye tundu lile lile. Anayejua kisanduku chake anajua pa kumngojea.

Watafiti wa Uswidi, Susanne Åkesson na wenzake, walichapisha matokeo yao mwaka 2012: teleka wao walikuwa wamepitisha majira ya baridi ya Ulaya katika bonde la Kongo. Shirika la Uingereza la British Trust for Ornithology lilianza kuwafunga ndege wake vifaa hivyo mwaka 2010, na lilipovisoma likaona mambo ya namna ile ile. Ndege wa Uingereza walivuka Sahara, wakafika Kongo, wakakaa muda mrefu. Baadhi walisogea hadi Msumbiji na kurudi. Kabla ya kwenda kwao, walipitia Afrika Magharibi kujaza tumbo, kisha wakavuka jangwa tena.

Kutoka Oxford hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 6 000 kwa mstari ulionyooka. Teleka anazifanya bila viza, bila tiketi, na bila kutua kuuliza njia. Ukihesabu miezi yake, utaona kwamba ndege ambaye Ulaya humwita wake hukaa kiotoni kule miezi mitatu tu. Sehemu kubwa ya muda uliobaki analishwa na anga ya misitu yetu, hasa pale mvua inapotaka kunyesha na kumbikumbi wanapopanda juu.

Matundu yanazibwa

Hapa ndipo furaha ya kamera inapoingiliwa na wasiwasi. Hesabu za ndege Uingereza zinaonyesha kwamba tangu mwaka 1995 teleka wamepungua kwa zaidi ya nusu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya inchi hiyo, ile ya ndege walio katika hatari kubwa zaidi.

Sababu hazijulikani zote kwa uzito sawa. Wadudu wanaoruka wamepungua. Lakini sababu moja iko wazi kwa macho: nyumba. Kwa vizazi vingi teleka alijenga chini ya vigae na katika nyufa za kuta za zamani. Leo nyumba zinakarabatiwa ili zisipoteze joto, na kila ufa unazibwa. Nyumba mpya hazina tundu kabisa. Ndege anafika mwezi wa tano baada ya safari yake kubwa, anakwenda moja kwa moja penye tundu lake, na kugonga saruji. Kuna waliomwona akijaribu tena na tena pale pale.

Ndiyo maana kuna wanaodai kwamba kila nyumba mpya ijengwe na tofali lenye tundu, ambalo linaingia ukutani kama matofali mengine na halileti baridi ndani. Mwandishi Hannah Bourne-Taylor aliongoza ombi lililopata saini zaidi ya 100 000, na tarehe 10 mwezi wa saba 2023 wabunge wa Uingereza wakalijadili. Huenda wengi wa waliotia saini hawajawahi kumwona teleka kwa karibu ila katika kamera. Ni vigumu kumtetea ndege anayepita kama mshale juu ya paa. Ni rahisi zaidi ukiwa umemwona amelala na mtoto wake chini ya bawa.

Na sisi huku?

Wengi wetu hatuna kisanduku, na umeme wenyewe unakuja na kwenda. Lakini tuna sehemu ya habari ambayo kamera ya Oxford haiwezi kuionyesha. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa nne, mawingu meusi yakianza kukusanyika alasiri, toka nje uinue macho. Ukiona ndege weusi wenye mabawa ya mundu wakizunguka kwa kasi mbele ya mvua, hawatui kwenye waya wala kwenye mti, hao ni teleka. Wanaotua wakajipanga kwenye waya za umeme ni mbayuwayu, ukoo mwingine kabisa.

Tahadhari moja: si kila teleka unayemwona ametoka Ulaya. Tuna wetu wa hapa. Kuna mdogo mwenye kiuno cheupe ambaye hujenga chini ya madaraja na kwenye majengo ya miji. Kuna mwembamba mwenye mkia mrefu ambaye hugandisha mayai yake kwa mate kwenye jani la mchikichi ili upepo usiyaangushe. Na kuna weusi wa milimani ambao hata mtaalamu anaweza kuwachanganya na yule wa Ulaya. Yule wa Ulaya ana mwili mweusi wote, koo jeupe kidogo, na mkia wenye panda fupi.

Mwalimu anayetafuta somo lisilo na gharama anaweza kuanza hapo. Daftari moja kwa darasa, na kila jioni ya mawingu kuandika tarehe, saa, mahali, idadi. Miaka mitano ya daftari kama hilo katika shule moja ya Butembo au Uvira ingeonyesha wageni hawa hufika lini na huondoka lini. Mwenye telefoni anaweza kuandika yale yale katika programu ya bure ya eBird, inayosomwa na watafiti wa dunia nzima. Na anayepaka rangi jengo au kukarabati daraja, akikuta viota vya yule wa kiuno cheupe, angoje makinda watoke ndipo aendelee. Kuziba tundu ni kazi ya dakika moja. Uingereza sasa wanatafuta sheria ya kuyarudisha.

Mwezi wa tano ukifika, mwenye ndugu Bruxelles au London amwambie atazame juu jioni, maana na miji ile wanafika. Sauti kali atakayoisikia juu ya mapaa ni ya ndege waliopitisha miezi kwetu. Naye mtafiti wa Oxford atapanda tena ngazi za mnara, awashe kamera na kungoja. Siku kisanduku kitakapopata mtu, atajua kwamba ndege wake amerudi salama. Alikotoka, tunakujua.